Barua ya wazi kwa maaskofu na wachungaji wa Marekani: hata sala imepewa chama

Baba Maaskofu, Wachungaji, na ninyi wazee mnaoshika funguo za makanisa ya nchi hii,

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mzee wa kanisa katika ibada ya Kiswahili inayofanyika kila Jumapili saa nane mchana, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja la Kilutheri hapa Iowa. Nilizaliwa Njombe, nikabatizwa na kupata kipaimara huko huko, na sasa nina miaka kumi na sita Marekani. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba wanakotunzwa. Wengi ninaosali nao ni Wakongo wa Kivu Kusini waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Tuna Warundi pia, na familia mbili za Kenya. Tunakutana mchana kwa sababu wengi wetu hutoka viwanda vya nyama alfajiri, na lazima walale kidogo kwanza.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Makanisa yenu yaliwahi kutuma watu kwetu, na wengi wao walianzia Morogoro, wakakaa darasani miezi kadhaa wakijifunza kuamkia na kuomba maji ya kunywa kabla ya kwenda kuishi vijijini. Baadhi yao wako hai na bado wanaielewa lugha hii. Nawaomba hao wawasomee wenzao. Na wasomaji wenzangu wa Kiswahili, mlioko nyumbani na mliotawanyika kama sisi, isomeni nanyi, maana mtajiona ndani yake.

Nianze na karatasi moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mama mmoja wa kwaya yetu, Mbembe wa Fizi huko Kivu Kusini, alikuwa akimsubiri binti yake na wajukuu watatu kutoka Nyarugusu. Kesi yao ilikuwa imekwisha: intavyu zote, vipimo vyote, flaiti imeshapangwa wiki ya kwanza ya Februari. Wazungu wa ibada ya asubuhi, wale wa ghorofani, walikuwa wamehangaika nao tangu Novemba. Walikusanya vitanda, sufuria, mablanketi. Walinunua viatu vya theluji vya watoto na kuandika ukubwa wa kila jozi kwenye kipande cha utepe. Mkulima mmoja mzee, mtu asiyesema sana, aliutengeneza upya mguu wa kitanda cha mtoto uliokuwa umelegea, akaupiga msasa mpaka ukawa laini ili usije ukamchoma mtoto ambaye hajawahi hata kumwona.

Tarehe 20 Januari rais mpya, Donald Trump, alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Katika wiki ile ile safari zikafutwa, hata za watu waliokuwa na tiketi mkononi. Yule mama akafanya kile tunachofanya sisi tukizidiwa. Aliandika majina manne kwenye karatasi na kuitumbukiza kwenye kisanduku cha maombi kilichoko mlangoni, kile ambacho karatasi zake husomwa kwa sauti kwenye ibada ya asubuhi. Jumapili hiyo hakungoja saa nane. Alikuja asubuhi, amevaa kitenge chake kizuri, akakaa benchi la tatu, na mimi nikakaa naye ili nimtafsirie. Wakaombewa wagonjwa. Akaombewa kijana aliyekuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa goti. Wakaombewa wasafiri. Majina yake hayakusomwa.

Alidhani karatasi imepotea, akaandika nyingine. Wiki ya tatu nilimfuata mchungaji ofisini. Ni mtu mwema, na nasema hivyo nikimaanisha: mke wangu alipolazwa, alikaa naye usiku mzima ili mimi niende kazini. Alifunga mlango, akaniambia polepole kwamba akiyasoma majina yale, nusu ya waumini watasema amehubiri siasa. Akasema ana watu wa pande zote mbili, na amehangaika miaka kuwaweka ndani ya chumba kimoja. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nilitoka pale na uzito ambao sijautua mpaka leo. Mama na watoto watatu, wote wamebatizwa, na kuwataja mbele za Mungu kumekuwa kampeni.

Wakuu wangu, watu wakizungumzia Ukristo na siasa za Marekani huwataja wahubiri wakubwa wa runinga, wale wanaopigwa picha wakimwekea rais mikono mabegani. Hao wapo, na nitawafikia. Lakini kilichonishtua ni huyu mchungaji wangu, ambaye katika maisha yake hajamtaja mgombea yeyote madhabahuni. Amefungwa mdomo na kitu kilichofanywa na wengine. Maneno ya Biblia yamegawiwa vyama kama viwanja vilivyokwisha pimwa. Ukisema "mgeni", umesimama kwenye kiwanja cha hawa. Ukisema "mtoto aliye tumboni", umo kwenye kiwanja cha wale. "Maskini" ni la huku, "familia" ni la kule. Mchungaji akipanda mimbari Jumapili hana neno hata moja ambalo halina mwenyewe. Naye Bwana wetu alisema yote kwa kinywa kimoja.

Nimejaribu kujifunza jinsi mlivyofika hapa, kwa sababu mgeni asiyejua historia ya nyumba hupaswa kunyamaza. Nilichokikuta kilinishangaza. Ukuta kati ya kanisa na dola, ambao leo wahubiri wengi wanasema ni hila ya wasioamini, uliombwa na waumini. Virginia, kabla ya nchi hii kupata uhuru, wahubiri wa Kibaptisti walifungwa jela kwa kuhubiri bila kibali, na wengine wakaendelea kuhubiri kupitia madirisha ya jela huku watu wamesimama nje. Mwaka 1801 Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, jimbo lililokuwa na kanisa lake rasmi, walimwandikia Rais Thomas Jefferson kwamba uhuru wao wa kuabudu unachukuliwa kama hisani ya serikali ilhali ni haki yao. Jibu lake la tarehe 1 Januari 1802 ndilo lililoleta maneno ya ukuta wa kutenganisha kanisa na dola. Waliouomba ukuta ule walikuwa wameonja jela ya serikali ya Kikristo.

Kisha nikaona jinsi ulivyobomolewa, tofali moja moja, na mara nyingi kwa nia njema. Miaka ya 1950, mlipokuwa mkiuogopa ukomunisti, kifungua kinywa cha maombi na rais kilianza mwaka 1953, maneno "chini ya Mungu" yakaingizwa kwenye kiapo cha bendera mwaka 1954, na mwaka 1956 "Tunamtumaini Mungu" ikawa kaulimbiu rasmi ya taifa. Mungu akawa raia. Hakuna chama kilichomdai bado, lakini alikuwa ameshapewa uraia, na mwenye uraia siku moja atasajiliwa chama.

Siku hiyo ilifika mwishoni mwa miaka ya 1970, na hapa niwe mkweli kuhusu nafsi yangu. Naamini mtoto aliye tumboni ni mtu. Nimelelewa hivyo na sijabadilika. Ndiyo maana iliniuma kugundua kwamba mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulipitisha azimio la kutaka sheria zinazoruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, ikiwemo kubakwa na madhara kwa afya ya mama, hata afya yake ya akili. Kwa miaka kadhaa Wakristo weupe wa kiinjili wengi waliliona jambo hili kuwa la Wakatoliki. Wapo wanahistoria wanaoonyesha kwamba kilichowaamsha kwanza viongozi wao kisiasa kilikuwa kodi: serikali ilianza kuzinyima msamaha wa kodi shule za Kikristo zilizobagua watu weusi, na Chuo Kikuu cha Bob Jones kikapambana mpaka Mahakama Kuu ya nchi, kikashindwa mwaka 1983. Mwaka 1979 mhubiri Jerry Falwell akaanzisha Moral Majority, umoja wa kisiasa wa Wakristo wahafidhina. Agosti 1980 Ronald Reagan, mgombea urais wa Republican, akawaambia maelfu ya wachungaji mjini Dallas kwamba anajua wao hawawezi kumuunga mkono rasmi, ila yeye anawaunga mkono wao. Mpinzani wake, Jimmy Carter, alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Tangu hapo uhai wa mtoto, jambo ninaloliona takatifu, ukawa hirizi ya kuvalishwa mgombea: akishaivaa, haulizwi kitu kingine chochote. Nani atanisikiliza mimi sasa nikisema mtoto ni mtu? Atanitazama kwanza aone nimevaa kofia ya nani.

Hapa Iowa nimeyaona haya kwa karibu, kwa sababu kwa miaka mingi mbio za urais zimeanzia kwetu, kwenye kokasi, ile mikutano ya majira ya baridi ambapo wanachama wanakaa pamoja na kuchagua wanayemtaka. Mwaka 1988 mhubiri wa runinga Pat Robertson alishika nafasi ya pili hapa upande wa Republican, akamshinda makamu wa rais aliyekuwa madarakani. Mwaka 2008 alishinda Mike Huckabee, aliyewahi kuwa mchungaji wa Kibaptisti. Wagombea wakajifunza: ukiitaka Iowa, pitia kanisani. Na makanisa nayo yakajifunza kwamba yana kitu cha kuuza. Nawaambia upande wa pili pia, kwa sababu nisipowaambia nitakuwa sijawapenda: wagombea wa Democratic nao huonekana Jumapili za mwisho kabla ya kura wakipewa mimbari za makanisa ya watu weusi. Najua historia ni tofauti. Najua kwamba kwa watu walionyimwa ukumbi, gazeti na kura, kanisa lilikuwa mahali pekee pa kusemea, na siwezi kulinganisha mtu anayetafuta haki ya kupiga kura na mtu anayetafuta kuipunguza. Hata hivyo mgombea akishika kipaza sauti pale ambapo Neno linasomwa, kuna kitu kinaondoka, hata kama mgombea mwenyewe ni yule ningempigia kura.

Sisemi kanisa likae kimya. Wanaosema hivyo hawajasoma manabii, na mimi nimetoka nchi ambayo mwanzilishi wake, Mwalimu Nyerere, alisali misa kila alipoweza na bado akashikilia kwamba serikali haina dini, watu wake ndio wenye dini. Machi 2018 maaskofu wetu wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, walitoa waraka wa Pasaka uliogusa Katiba, chaguzi na uhuru wa watu kusema. Ukaja msukosuko, likaja shinikizo la kutaka wauondoe. Lakini hakuna aliyeweza kusema waraka ule umeandikwa na chama, kwa sababu haukumwambia mtu ampigie nani kura. Nguvu yake ilikuwa hapo.

Nanyi mnayo mifano bora kuliko yetu. Mchungaji Martin Luther King aliandika barua yake akiwa jela ya Birmingham, Aprili 1963, akiwajibu wachungaji wenzake waliomwambia asubiri. Na upo mfano ambao mimi sina haki ya kuunyamazia, maana umo ndani ya damu ya ukoo wangu.

Njombe ni mkoa ambao Ukimwi uliutafuna kuliko karibu mkoa wowote wa Tanzania. Nilipokuwa kijana tulizika mpaka tukaacha kuuliza marehemu alikuwa na nini. Nyumba zilibaki na bibi na wajukuu, katikati hakuna mtu. Januari 2003 Rais George W. Bush, mtu wa Republican aliyesukumwa na imani yake na Wakristo waliomzunguka, alitangaza dola bilioni 15 kwa miaka mitano kwa ajili ya watu wenye virusi, wengi wao Waafrika ambao hawatampigia kura kamwe. Mpango huo unaitwa PEPFAR, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Dada yangu mkubwa alianza dawa mwaka 2006. Alikuwa na kilo thelathini na nane. Leo ana shamba la parachichi na anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wake. Ule ulikuwa Ukristo ndani ya siasa za Marekani. Siwezi kuuita jina jingine, na nitauheshimu mpaka nife.

Januari 2025, siku ile ile ya amri ya wakimbizi, misaada ya nje nayo ilisimamishwa kwa siku 90. Dada alinipigia simu saa za usiku huku, kwake kumekucha, akauliza swali moja tu: "Mdogo wangu, dawa zitakuwepo?" Sikuwa na jibu. Nilingoja Jumapili nisikie makanisa yaliyouzaa mpango ule yatasema nini. Wapo waliosema, na nawashukuru. Lakini sauti zile kubwa, zenye namba ya simu ya Ikulu, sikuzisikia. Februari rais alianzisha ofisi ya imani ndani ya Ikulu na kumweka mhubiri Paula White-Cain kuiongoza. Kanisa lilikuwa limepata mlango ndani ya nyumba ya mfalme, na dada yangu alikuwa akihesabu vidonge.

Ninyi mnamjua Amosi kuliko mimi. Alipokwenda Betheli kusema kweli, aliyemfukuza hakuwa mfalme. Alikuwa Amazia, kuhani. Akamwambia akale mkate wake Yuda, asitabiri tena pale, kwa sababu Betheli ni mahali patakatifu pa mfalme. Kila ninapousoma mstari huo sasa nauona mlango ule wa Ikulu. Kuhani hakusema Amosi ni mwongo. Alisema tu kwamba hapa si mahali pake.

Nikumbushe pia yaliyowapata wale waliosema. Tarehe 21 Januari 2025, ndani ya kanisa kuu la Washington, Askofu Mariann Edgar Budde alimwomba rais uso kwa uso awahurumie walio na hofu. Aliwataja wanaofanya kazi kwenye viwanda vya kufungasha nyama na wanaokesha zamu za usiku hospitalini. Nilipoitazama video ile na wenzangu ukumbini kwetu, kijana mmoja alisema, "Ametutaja sisi." Kesho yake rais alimtaka aombe radhi. Februari, Elon Musk, aliyekuwa akiongoza kazi ya kupunguza matumizi ya serikali, aliandika hadharani kwamba malipo yanayopelekwa kwa mashirika ya Kilutheri ni haramu na yanakomeshwa haraka. Kazi ya Walutheri wa nchi hii kwa wakimbizi ilianza mwaka 1939. Bibi wa Kijerumani ninayemwogesha kazini aliwahi kupokelewa na kazi hiyo akiwa mtoto. Aliiona habari hiyo kwenye runinga, akaniomba nizime.

Siku zile zile Makamu wa Rais JD Vance alieleza kwamba Mkristo huanza kuipenda familia yake, kisha jirani, kisha jamii yake, kisha wananchi wenzake, na baada ya hapo ndipo dunia nyingine. Tarehe 10 Februari Papa Francis aliwaandikia maaskofu Wakatoliki wa Marekani na kuwaelekeza kwa Msamaria mwema. Mimi ni Mlutheri, lakini nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mzee yule, aliyeandika akiwa na afya mbaya. Kwa Kiswahili chetu jirani ni mtu ambaye ukikosa chumvi unamgongea. Msamaria hakuwa na nyumba karibu na barabara ya Yeriko. Ujirani ulianza aliposhuka kwenye punda.

Na Mei 2025 kanisa la Episcopal, lililokuwa limepokea wakimbizi kwa mkataba na serikali kwa karibu miaka arobaini, liliombwa lisaidie kuwapokea Waafrikana weupe wa Afrika Kusini wakati karibu wakimbizi wengine wote wamefungiwa mlango. Likakataa, na likatangaza kwamba linaumaliza mkataba. Oktoba serikali ikatangaza kwamba kwa mwaka wa serikali ulioanza mwezi huo itapokea wakimbizi wasiozidi 7,500, sehemu kubwa wakiwa hao Waafrikana. Katika mwaka ulioishia Septemba 2024 waliingia zaidi ya 100,000, na waliokuwa wengi kuliko wote walitoka Kongo. Binti wa yule mama alikuwa afuate nyuma ya hao.

Sidhani kila Mkristo anapaswa kuwa na hesabu moja kuhusu wakimbizi wangapi wapokelewe. Serikali ina haki ya kupanga, na mtu anaweza kutaka wachache bila kuwa mbaya. Ninachouliza ni kingine. Mkulima yule aliyepiga msasa kitanda cha mtoto alimpigia kura rais huyu. Aliniambia mwenyewe, na hakuona mgongano wowote kati ya kura yake na kitanda kile. Alipojua safari imefutwa, alikivunja kitanda vipandevipande, akavifunga kwa kamba na kuvipeleka ghalani kwake ili visioze. Bado anavitunza. Mtu huyu angeyasikia majina yale yakisomwa, angelia na sisi. Nina hakika. Mchungaji wetu alimwogopa mtu ambaye hayupo: alimwogopa muumini wa kwenye runinga, wakati muumini wa kweli alikuwa amekaa benchi la nne na vidole vyenye gundi ya mbao.

Jimbo hili lilikuwa na kumbukumbu nyingine. Mwaka 1975 gavana wa Republican, Robert Ray, alikubali kuwapokea Tai Dam, watu zaidi ya 1,000 waliokimbia Asia ya Kusini-Mashariki na kutaka wasitenganishwe. Makanisa yakachukua familia, moja moja. Mwaka 1979 akafungua mlango tena kwa watu wa mashua, wale waliokimbia Vietnam kwa njia ya bahari. Wazee ninaowahudumia wanakumbuka. Mmoja wao, ambaye sasa husahau hata jina la mwanawe, hukumbuka kwamba walipika wali wa kwanza maishani mwao kwa ajili ya wageni, na ukaungua. Hakuna aliyewauliza wakati ule kama wali ni wa chama gani.

Sasa ninaomba.

Julai 2025 mamlaka ya kodi ilisema mahakamani, huko Texas, kwamba kanisa likizungumza na waumini wake ibadani kuhusu wagombea kwa msingi wa imani, halivunji sheria ya mwaka 1954 inayokataza mashirika yasiyolipa kodi kuunga mkono wagombea. Wengi walishangilia. Nawasihi, kwa huruma zake Mungu, msiitumie ruhusa hiyo. Serikali haijawapa uhuru ambao hamkuwa nao. Daima mliweza kusema kweli juu ya njaa, vita, mtoto na mgeni. Imewapa kazi ya kumfanyia mgombea kampeni. Mkimtaja mgombea mmoja tu, mchungaji wangu atapoteza hata maneno machache yaliyombakia.

Pili, wale wenu wenye namba ya simu ya Ikulu, pigeni. Hamkupewa mlango ule mwingie kupiga picha. Nathani alikuwa na mlango wa Daudi, akautumia kumwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Ulizeni kuhusu dawa. Ulizeni kuhusu waliokuwa na tiketi mkononi. Mkifukuzwa, mtakuwa mmefukuzwa kwa jambo la Mungu.

Jambo jingine linatuhusu sisi wa Afrika. Mapambano yenu yanasafiri. Dada yangu hunitumia klipu za sauti za wahubiri wa kwetu wanaowafungisha watu saumu kwa ajili ya mgombea wa Marekani, watu ambao diwani wao wenyewe hawamjui. Mwaka 2019, Wamethodisti wa muungano walipokutana St. Louis kuamua juu ya ndoa za jinsia moja, kura za Waafrika zilitafutwa na kuhesabiwa kama kura za jimbo lenye ushindani. Baadaye maelfu ya sharika za Marekani zikajiondoa, na ndugu zetu wakabaki wakiulizana walikuwa washirika au walikuwa idadi. Sisi tuna msimamo wetu juu ya mambo hayo na tutausema wenyewe. Msitukodi.

Na kuna mwanangu. Ana miaka kumi na tisa, amezaliwa Njombe na kukulia hapa. Aliacha kuja kanisani mwaka jana. Hakugombana na mtu. Aliniambia kwa upole, "Baba, mimi Yesu simkatai, ila pale ni chama." Watafiti wa kituo cha Pew cha hapa Marekani wanasema Wakristo wa nchi hii walikuwa asilimia 78 ya watu wazima mwaka 2007 na wamebaki asilimia 62 mwaka 2023 na 2024. Tangu mwaka 2002 wasosholojia Michael Hout na Claude Fischer walionya kwamba watu wanaikimbia dini kwa sababu ya siasa zake. Mimi sihitaji asilimia. Nina kiti kimoja kitupu kando yangu kila saa nane mchana, na nimechoka kumweleza mtoto wangu tofauti ambayo haionekani kwa macho.

Mchungaji wangu, najua barua hii itakufikia na utajijua. Sijakutaja na sitakutaja. Sikulaumu kama ninavyowalaumu waliokuachia mzigo huu. Karatasi ya tatu ya yule mama bado imo ndani ya kisanduku, niliitumbukiza mwenyewe. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, majina manne, na chini yake ameandika kwa Kiswahili, "Wako Nyarugusu, Mungu anawajua." Jumapili ijayo atakuja tena asubuhi, na mimi nitakuwa naye benchi la tatu. Majina ni mafupi, na nitakaa tayari kukusaidia kuyatamka.

Wenu katika Kristo,

Mzee wa kanisa, ibada ya Kiswahili
Iowa, Marekani